Matembezi ya Wawili Cambridge

Chuo Kikuu cha Cambridge kilianza mwaka 1209, wanazuoni walipokimbia vurugu za Oxford. Hakina uzio mmoja: vyuo vyake 31 vimetapakaa mjini, kila kimoja na utawala wake.

Mume na mke wenye siku moja tu ni heri waanzie King's College. Ujenzi wa kanisa lake ulianzishwa na Mfalme Henry VI mwaka 1446. Dari ya mawe, ambayo mbavu zake zimetanda kama makuti ya mnazi, ilikamilika mwaka 1515.

Kisha mto Cam. Mashua za huko ni bapa, na msukumaji husimama nyuma akiwa na upondo mrefu. Ukinasa kwenye tope, auachie mara moja. Anayeung'ang'ania hubaki ananing'inia huku mwenzake akienda zake na mashua. Njiani lipo daraja la mbao la Queens' College, ambalo inasemekana lilijengwa na Newton bila msumari. Uzushi mtupu: Newton alifariki mwaka 1727, daraja likajengwa mwaka 1749.

Msimu wa mitihani vyuo vingi hufungia wageni milango, hivyo ratiba iulizwe kabla ya kukata tiketi.