Kuchagua Ubao Mama wa Kompyuta ya Gemu: Utangulizi

Ubao mama hauongezi hata fremu moja kwenye gemu. Chukua prosesa, ramu na kadi ya michoro, uvifunge kwenye ubao wa bei ya chini uliotengenezwa vizuri, kisha uvihamishie kwenye ubao unaouzwa mara tatu ya bei hiyo. Gemu litakwenda vilevile, na tofauti ikiwapo itakuwa ndogo mno hata jicho lisiione. Naanza hapa kwa kuwa vijana wengi wanaoingia kwenye elimu hii huanzia upande wa pili: wanaona taa za rangi, mabati mazito ya kupozea na jina lenye mshindo wa vita, wanadhani wananunua kasi. Kasi iko kwingine. Pesa ya kasi iende kwanza kwenye kadi ya michoro, halafu kwenye prosesa.

Kwa nini basi ubao uandikiwe utangulizi mzima? Kwa sababu ndio unaoamua ni prosesa ipi itaingia, ramu ya aina gani, kadi na diski ngapi, umeme kiasi gani utapita salama, na, lililo kubwa kuliko yote hayo, ni kifaa gani utaweza kubadilisha miaka mitatu au minne ijayo bila kuifumua kompyuta nzima na kuanza upya. Prosesa na kadi unavinunua kwa ajili ya gemu unalocheza leo. Ubao unaununua kwa ajili ya gemu ambalo bado halijatoka. Karibu, basi, tuutazame kwa karibu.

Umbo lenyewe halina fumbo. Mwaka 1981 IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi, ubao wake ulikuwa na sloti 5 za kuongezea kadi, na wazo hilo la kuacha nafasi kwa vifaa ambavyo bado havijabuniwa limebaki mpaka sasa. Mwaka 1995 Intel ikaweka kipimo cha ATX, milimita 305 kwa 244. Baadaye zikafuata microATX ya 244 kwa 244 na Mini-ITX ya 170 kwa 170. Kwa anayeanza napendekeza microATX bila kusita: inaingia karibu kila kasha la kawaida na bei yake haiumizi. Mini-ITX inapendeza mezani, lakini una sloti moja tu ya kadi, na udogo huo unalipiwa.

Jambo la kwanza lenye uzito ni soketi, pale prosesa inapokaa. Prosesa za Intel na za AMD haziingiliani, hilo wengi wanalijua. Kinachowaponza watu ni kudhani kwamba ndani ya kampuni moja, jina la soketi likifanana basi kazi imekwisha. Mwaka 2015 Intel ilitoa soketi ya LGA 1151 pamoja na prosesa za kizazi cha 6. Mwishoni mwa 2017 kikaja kizazi cha 8, jina la soketi lilelile, idadi ya pini ileile; lakini prosesa hizo zilidai mbao za mfululizo wa 300, na mbao za Z170 na Z270 hazikuruhusiwa kuzipokea. Aliyenunua ubao mzuri wa Z270 mwanzoni mwa mwaka huo alikuta mlango umefungwa kabla mwaka haujaisha.

Kwa AMD mambo yalikwenda kinyume, na kisa cha soketi ya AM4 ndicho ninachokitumia zaidi darasani kwa sababu kina kila kitu ndani yake. Prosesa za kwanza za Ryzen zilitoka Machi 2017 zikitumia soketi hiyo. Mei 2020 AMD ikatangaza kwamba mbao za B450 na X470 hazingepokea Ryzen zilizokuwa njiani, zile zilizokuja kuitwa mfululizo wa 5000. Sababu mojawapo iliyotolewa ilikuwa ya kifaa kidogo kuliko ukucha: chipu inayohifadhi bayosi, yaani programu inayoamka kwanza ukibonyeza kitufe cha kuwasha, kwenye mbao nyingi ilikuwa na megabaiti 16 tu, na nafasi ya kuzitambulisha prosesa zote ilikuwa inakwisha. Wanunuzi walilalamika, na walikuwa na haki, maana wengi waliununua B450 kwa kutegemea hasa kwamba siku moja utapokea prosesa mpya. Mwezi huohuo AMD ikageuza uamuzi. Baadaye hata mbao za X370 za mwaka 2017 zikapata bayosi ya kuipokea Ryzen 7 5800X3D iliyotoka Aprili 2022, mojawapo ya prosesa bora kabisa za gemu za wakati wake. Mwenye ubao huo alibadilisha prosesa peke yake, akabaki na kila kitu kingine.

Kwa hiyo unapouliza bei, uliza pia: prosesa kubwa kuliko zote inayopokelewa na ubao huu ni ipi, na je, bayosi iliyomo inaijua? Hili la pili lina maumivu yake. Mtu ananunua ubao wa B450 uliokaa rafuni muda mrefu na Ryzen 5 5600 mpya. Anafunga, anawasha, feni zinazunguka, kioo kinabaki cheusi. Hakuna kilichoharibika, bayosi imetoka kiwandani kabla ya prosesa hiyo kuzaliwa. Baadhi ya mbao zina kitufe kwa nyuma kinachokuwezesha kuweka bayosi mpya kwa flashi hata kama hakuna prosesa ndani. Kitufe hicho nakithamini kuliko taa zote za rangi. Kwa wanaonunua sasa, soketi ya AM5 ya mwaka 2022 ndiyo AMD imeahidi kuendelea nayo hadi 2027 na kuzidi. LGA 1700 ya Intel ilibeba vizazi vya 12, 13 na 14, kisha mwaka 2024 ikapisha LGA 1851.

Herufi zilizo mbele ya namba kwenye majina ya mbao, kama B450 au Z270, ni rahisi. Kwa AMD, A ni mbao za chini, B za kati, X za juu. Kwa Intel ni H, B na Z, na Z ndiyo inayoruhusu kuipandisha prosesa yenye herufi K juu ya kasi ya kiwandani. Kama hutafanya hivyo, usiilipie.

Sasa tuingie kwenye umeme, sehemu ninayoipenda kuliko zote na ambayo maelezo mengi ya wanaoanza huiruka. Pawa saplai huuletea ubao volti 12. Prosesa haizitaki, inataka volti moja na ushei. Hesabu yake ni nyepesi: prosesa inayokula wati 120 kwa volti 1.2 inavuta ampia 100. Plagi ya pini tatu ya ukutani, ile tunayochomekea pasi, ina fyuzi ya ampia 13. Ampia hizo 100 zinatengenezwa na kupitishwa kwenye eneo dogo kando ya soketi, na vipande vyeusi vya mosfeti na koili za mraba zilizopangwa safu. Kazi hiyo hugawanywa kwa mafungu, yanaitwa awamu, ili kipande kimoja kisielemewe. Awamu zikiwa chache, au zikiachwa wazi bila bati la kupozea, zinachemka. Zikizidi kuchemka, kasi ya prosesa hushushwa ili ubao usiungue.

Hapo ndipo kauli yangu ya mwanzo inapohitaji mwenzake. Ubao mzuri hauongezi fremu; ubao dhaifu unazipunguza. Mchezaji anaona gemu lililokuwa laini dakika kumi za kwanza linaanza kukwama, anailaumu kadi, na kadi haina kosa. Na sisi wa pwani tuna sababu ya ziada ya kujali, kwa kuwa kompyuta iliyopimwa na mkaguzi kwenye chumba cha nyuzi 21 haitakuwa na joto lilelile kwenye chumba cha Mombasa au Dar es Salaam mwezi Februari. Kama prosesa yako ni ya wati 65, ubao wa kawaida wenye bati moja juu ya awamu unatosha. Ukipanga kuja kuweka prosesa ya viini 12 au 16, lipa zaidi hapa, wala usijute.

Ukikutana na ubao mkuukuu wa mtumba, tazama kapasita, vile vikopo vidogo vilivyosimama. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mbao nyingi za viwanda mbalimbali zilikufa mapema kwa sababu kimiminika kilichokuwa ndani ya kapasita hizo kilikuwa na mchanganyiko mbovu. Vichwa vilivimba, vingine vikapasuka na kutoa uchafu wa kahawia. Mbao nzuri za sasa hutumia kapasita za aina ngumu, lakini kwenye ubao wa zamani kila kichwa lazima kiwe bapa.

Kuhusu kadi ya michoro, ubao huipa njia za data, ziitwazo PCI Express, za kuzungumza na prosesa. Kwa kadi nyingi jambo hili halikunyimi usingizi. Lakini Januari 2022 AMD ilitoa Radeon RX 6500 XT, kadi ya bei nafuu ambayo mwenye kompyuta ya zamani angeikimbilia. Kadi nyingi za michoro zinatumia njia 8 au 16. Hii ilipewa 4. Kwenye ubao wa PCI Express 4.0 njia hizo hupitisha takriban gigabaiti 8 kwa sekunde, na kadi inajitahidi. Kwenye ubao wa 3.0 ni takriban 4. Kadi hiyo ina gigabaiti 4 za kumbukumbu yake yenyewe. Gemu likizijaza na kuanza kuazima ramu ya kompyuta kupitia njia hizo nyembamba, picha inakatikakatika. Aliyeihitaji zaidi ndiye aliyekuwa na ubao usioifaa. Ndiyo maana nasisitiza kadi na ubao visomwe pamoja.

Wapo wanaoanza bila kadi kabisa, wakitumia prosesa yenye michoro ndani kama Ryzen 5 5600G, na ni njia ya busara kwa mfuko mwembamba. Kwao ramu ndiyo kila kitu, kwa sababu michoro inakula kutoka humohumo. Kipande kimoja cha DDR4 ya 3200 hupitisha gigabaiti 25.6 kwa sekunde. Viwili vikifanya kazi sambamba hupitisha 51.2. Kwa hiyo nunua viwili vya gigabaiti 8, usinunue kimoja cha 16. Kwenye ubao wenye sloti 4, kwa kawaida vinaingia kwenye ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kisha ingia bayosi uwashe mpangilio wa kasi ya ramu uitwao XMP, la sivyo ramu uliyoilipia 3200 inaweza kuendelea kwenda kwa 2400 au chini yake, na hakuna atakayekuambia. DDR4 na DDR5, bila shaka, haziingiliani sloti, na mbao za LGA 1700 zipo za aina zote mbili. Soma lebo kabla ya kutoa pesa.

Siwezi kuwasahau wanaoanzia kwenye kompyuta zilizotumika maofisini ng'ambo, Dell OptiPlex na HP EliteDesk zinazopatikana Kariakoo na Luthuli Avenue. Ni mwanzo mzuri. Ila mbao zake zilitengenezwa kwa ajili ya kazi za ofisi. Ule wa OptiPlex 9020, kwa mfano, hautumii waya wa umeme wa pini 24 wa kawaida. Una wa pini 8 wa Dell wenyewe, kwa hiyo pawa saplai kubwa ya dukani haichomeki bila adapta. Sloti ya kadi ya michoro kwa kipimo chake hutoa mpaka wati 75, basi chagua kadi inayoridhika na hizo, kama zile GTX 1650 zisizo na tundu la waya wa ziada. Pima na urefu wa kasha, maana makasha membamba hupokea kadi fupi tu.

Kuna sharti jipya ambalo halikuwapo nilipoanza kufundisha mambo haya. Gemu la Valorant, kwenye Windows 11, halifunguki mpaka ubao uwe na TPM 2.0 na ulinzi wa Secure Boot uwe umewashwa. Mara nyingi uwezo huo umo tayari na umezimwa tu kwenye bayosi, kwa hiyo usikimbilie kununua ubao mwingine kabla hujaingia humo kutafuta.

Siku ya kununua mtumba, nenda na simu yenye tochi. Kwenye mbao za Intel na za AM5, pini ziko kwenye soketi yenyewe, nyembamba mno, na moja ikipinda inaweza kuzima sloti ya ramu au ubao mzima. Fungua kifuniko, mulika kwa ubavu, tazama safu zote ziwe zinametameta kwa mwelekeo mmoja. Iliyopinda itang'aa peke yake. Kwenye AM4 pini ziko chini ya prosesa, basi ichunguze prosesa. Halafu omba ubao uwashwe mbele yako, na uwashwe tena kipande cha ramu kikihamishwa sloti moja baada ya nyingine, kila mara baada ya kuchomoa umeme. Ubao wenye sloti moja iliyokufa huwaka vizuri kabisa mikononi mwa muuzaji anayejua sloti ipi ni nzima.