Stesheni Moja, Ndimi Nyingi

Katika zama hizi hakuna mgeni aingiaye nyumbani kwa wepesi kama redio. Habishi hodi wala haombi ruhusa, naye husema na baba, mama na watoto kwa wakati mmoja. Basi yapasa kila mwenye nyumba ajiulize: ni nani aliyemruhusu mgeni huyu kusema, kwa lugha gani, na kwa masharti gani? Swali hili huzidi uzito pale watu wa asili nyingi wanapokaa katika mji mmoja, kila kundi na lugha yake, na huku masafa ya hewani hayatoshi kumpa kila mmoja stesheni yake.

Tumeona vema mwezi huu kuwaeleza wasomaji wetu jinsi nchi ya Kanada ilivyolikabili jambo hili. Huko wamehamia Waislamu kutoka pembe nyingi za dunia, wakiwamo maelfu ya Waasia waliofukuzwa Uganda mwaka 1972, na Wasomali waliokimbia vita vya nchi yao. Yaliyowakuta wao katika habari ya lugha na watoto yaweza kumkuta yeyote miongoni mwetu.

Mwanzo wa jambo lenyewe

Baada ya Vita Kuu ya Pili watu wengi walihamia Kanada kutoka Italia, Ugiriki, Ureno, Poland na kwingineko. Walikuta redio za nchi hiyo zikisema Kiingereza na Kifaransa. Aliyetaka kusikia lugha ya mama yake hakuwa na njia ila kununua saa moja au mbili katika stesheni ya wengine, mara nyingi wakati ambao wasikilizaji ni wachache.

Mwaka 1962 ilianza mjini Montreal stesheni iitwayo CFMB, iliyoasisiwa na Casimir Stanczykowski, mtu wa asili ya Poland, kwa ajili ya watu wa lugha mbalimbali. Mwaka 1966 ikafuata CHIN mjini Toronto, ya Johnny Lombardi, mwana wa wahamiaji wa Kitaliani, aliyekuwa mwanamuziki na mwenye duka la vyakula. CHIN ilianza kwa kutangaza saa za mchana tu, na mwaka 1967 ikaongezewa masafa ya FM. Leo stesheni hiyo husikika kwa lugha zaidi ya 30. Haya hayakuanzishwa na serikali. Yalianzishwa na watu waliojua kiu ya jirani zao, kisha wakaenda kuomba idhini.

Serikali nayo ilifuata nyuma taratibu. Mwaka 1968 iliundwa tume ya kusimamia utangazaji, ijulikanayo kwa herufi CRTC. Mwaka 1985 tume hiyo ilitoa kanuni zake za kwanza juu ya redio na televisheni za makundi ya wahamiaji, na mwaka 1999 ikazitengeneza upya.

Masafa ni mali ya umma

Kwa nini basi pawe na leseni? Je, si haki ya kila mtu kusema atakacho? Jibu ni kwamba masafa ya redio ni machache, na stesheni mbili zikisema juu ya masafa mamoja mahali pamoja, hakuna asikiaye kitu. Kwa hiyo sheria ya utangazaji ya Kanada ya mwaka 1991 inatamka kuwa masafa ni mali ya umma.

Sisi Waislamu hatuoni ugumu kulifahamu hilo, maana twajua kisima cha wakfu. Kisima si cha msimamizi, ingawa ufunguo uko mkononi mwake. Amekabidhiwa ili watu wapate maji, na akikifanya chake amehini amana. Mwenye leseni ya redio ni mfano wa msimamizi huyo.

Stesheni mpya inapotakiwa katika mji, kwa kawaida tume hutangaza ili wote wenye nia walete maombi yao. Maombi huwekwa wazi, na mwananchi yeyote aweza kuandika barua ya kuunga mkono au kupinga. Hufanywa kikao cha hadhara, waombaji wakaulizwa mambo mengi: fedha zitatoka wapi, ni lugha zipi zitakazosikika, nani atasoma habari, na je, stesheni zilizotangulia zitaweza kuendelea kuishi? Kisha hukumu huchapishwa pamoja na sababu zake. Ahadi za mshindi hugeuzwa kuwa masharti ya leseni, naye huhesabiwa kwazo.

Wala tume hailegei mbele ya wanaokwepa mlango huo. Mwaka 2014 iliwaita wenye matangazo ya Kipunjabi yaliyotengenezwa upande wa Kanada lakini yakarushwa na mitambo iliyo ng'ambo ya mpaka, katika jimbo la Washington, Marekani, yakiwalenga watu wa Vancouver bila ya leseni. Nao waliahidi kuacha. Kisa hiki chaonyesha mambo mawili: kwamba sheria ni sheria, na kwamba kiu ya watu kwa lugha yao ni kubwa mno, hata ikizibiwa hapa itatoboa pale.

Hesabu ya saa

Sasa tufike kwenye moyo wa jambo. Kwa kanuni za mwaka 1999, stesheni ya namna hii hutakiwa itoe angalau asilimia 60 ya vipindi vyake kwa makundi ya asili mbalimbali, na angalau asilimia 50 viwe katika lugha zisizo Kiingereza, Kifaransa wala lugha za wenyeji wa asili wa Kanada. Kadhalika leseni hutaja idadi ya makundi ya kuhudumiwa na idadi ya lugha.

Tufanye hesabu. Wiki ya utangazaji, tangu saa 12 asubuhi hata saa 6 usiku kwa siku saba, ni saa 126. Nusu yake ni saa 63. Tuseme lugha ni 20. Zikigawanywa sawasawa, kila lugha itapata saa tatu na dakika chache kwa wiki nzima. Katika muda huo ziingie habari, mawaidha, matangazo ya misiba, kipindi cha watoto na maelezo ya sheria za nchi. Ni kidogo, lakini kwa mzee asiyejua lugha ya mji saa tatu hizo ni kama mvua katika kiangazi.

Lakini je, hugawanywa sawasawa? La. Stesheni nyingi za namna hii huuza saa kwa watayarishaji, nao hutafuta matangazo ya biashara ili warudishe fedha zao. Basi kundi kubwa lenye wafanyabiashara hununua saa nyingi na nzuri, na kundi dogo la wakimbizi waliofika juzi halina cha kununulia hata nusu saa. Hapa ndipo thamani ya masharti ionekanapo. Pasipo sharti la idadi ya lugha, mwenye ndoo kubwa angekikausha kisima, na wenye vibuyu wangerudi na kiu. Faida ya lugha kubwa yapasa ibebe gharama ya lugha ndogo. Stesheni isiyofanya hivyo imebaki na jina tu la kuwa ya ndimi nyingi.

Hoja ya wanaopinga

Wako wasemao kwamba redio za namna hii huwatenga wageni na kuwazuia kujifunza lugha ya nchi. Hatuidharau hoja hiyo, lakini matukio yaonyesha vingine. Mwaka 1975 nchi ya Australia ilipoleta mpango mpya wa matibabu, serikali ilitambua kuwa wahamiaji wengi hawatauelewa kwa Kiingereza. Ikaanzisha stesheni mbili, 2EA mjini Sydney na 3EA mjini Melbourne, ziwaeleze kwa lugha zao. Redio iliwaingiza watu katika mambo ya nchi, haikuwatoa.

Iko hofu nyingine iliyo nzito zaidi, nasi wa Afrika Mashariki twaijua. Redio yaweza kuwa kisu. Stesheni ya RTLM ilianza kutangaza Rwanda mwaka 1993, na mwaka 1994 sauti zake zilichochea mauaji ya kimbari. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha iliwatia hatiani wakuu wake wawili. Hatusemi kwamba lugha ndiyo iliyokosa. Waliokosa ni wanadamu waliopewa chombo wakakitumia kwa uovu, na hapakuwa na mkono wa kuwazuia. Kwa hiyo anayetoa leseni kisha asisikilize kinachosemwa, hasa katika lugha asiyoijua mwenyewe, ameacha mlango wazi usiku.

Yatupasayo

Mwenyezi Mungu katika Sura ya Rum amezihesabu tofauti za ndimi zetu na rangi zetu kuwa miongoni mwa ishara Zake. Kitu kilicho ishara ya Mola hakifai kuonewa haya. Lakini ni watoto wangapi leo wanaomjibu bibi yao kwa lugha ya shule, naye akabaki akitabasamu bila kufahamu? Hapo mtoto amepoteza hadithi, adabu na dua ambazo bibi huyo pekee ndiye mwenye kuzijua.

Redio haiwezi kumfundisha mtoto lugha ambayo wazazi wake wameiacha. Saa tatu za wiki ni msaada tu, na shule ya kwanza ni nyumba yenyewe. Basi wazazi na waseme na watoto wao, kisha redio ikazie.

Nanyi vijana, msingoje wazee. Pakitangazwa maombi ya stesheni katika mji wenu, yasomeni, andikeni barua, hudhurieni kikao, mkaulize: lugha yetu imepewa saa ngapi, na ni za mchana au za usiku wa manane? Wadogo kuliko sisi nao wamekumbukwa? Jifunzeni kazi ya utangazaji, mpate kusoma habari kwa uaminifu, bila chuki na bila uvumi. Asiyesema siku ya kugawanya hana haki ya kunung'unika siku ya kula.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azifanye ndimi zetu kuwa za kheri, na awajaalie waliopewa amana ya sauti waitimize. Amin.