Kazi ya mshahara mdogo: ichukue, iache, au omba nauli kwanza

Umepigiwa simu. Kazi ipo, ya miezi mitatu, mshahara 250,000 kwa mwezi, kuanza Jumatatu, na jibu wanalitaka leo. Huna kazi tangu mwaka jana na kodi ya chumba inakaribia. Ulimi unataka kusema ndiyo papo hapo. Waambie utawapigia saa kumi jioni. Muda huo unatosha.

Tafuta karatasi na kalamu. Ule mshahara waliokutajia uuweke pembeni kwanza. Unachotaka kujua ni kitabaki nini ukishatoa nauli, chakula na makato, halafu utabakiwa na muda gani wa kutafuta kazi unayoitaka hasa.

Tuseme unaishi Chamazi, Dar es Salaam, na kazi ni ya dukani Kariakoo. Unaunga daladala mbili, moja 600 na nyingine 700. Kwenda na kurudi ni 2,600, na kwa siku 26 za kazi ni 67,600. Chai ya asubuhi kwa mama ntilie 1,000, wali maharage wa mchana 2,000: hiyo ni 78,000 kwa mwezi. Mchango wa NSSF, mwajiri akiamua kukukata nusu yako yote, ni asilimia 10, yaani 25,000. Jumla imeshatoka 170,600. Umebaki na 79,400.

Sasa linganisha na duka la vifaa vya ujenzi lililo mtaani kwako, ambalo linatoa 200,000 na uliliona dogo. Unatembea kwa miguu. Chai 26,000 kwa mwezi. Mchana unarudi kula nyumbani chakula ambacho kingepikwa hata usingekuwa na kazi. NSSF 20,000. Unabaki na 154,000. Kazi yenye mshahara mdogo imekuzidishia 74,600, na bado hatujahesabu muda. Foleni inayokula saa mbili kila asubuhi na nyingine mbili kila jioni ni saa 104 kwa mwezi. Hizo ni zaidi ya wiki mbili za kazi ambazo unazitoa bure ukiwa umesimama, umeshika bomba.

Ndiyo maana nasema umbali uangaliwe kabla ya mshahara. Kwa kipato cha namna hii, kazi ya kuunga daladala mbili inatakiwa ilipe zaidi ya 130,000 juu ya mshahara wa ile ya kutembea, la sivyo unamfanyia kazi kondakta.

Kuna makato mengine mawili ya kuangalia. Kodi ya mapato isikutishe, kwa sababu mshahara usiozidi 270,000 kwa mwezi haukatwi. Lakini kama ulisoma chuo kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, mwajiri anatakiwa kukukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kwa 250,000 hiyo ni 37,500. Yule wa Chamazi sasa amebaki na 41,900. Wahitimu wengi wanagundua jambo hili mwisho wa mwezi wa kwanza, wakiwa wameshaahidi mchango wa harusi.

Gharama inayoumiza kuliko zote haionekani kwenye hesabu ya mwezi, nayo ni mtaji wa kuufikia mshahara wa kwanza. Nauli na chakula cha mfano wetu ni 5,600 kwa siku. Kwa siku 26 unahitaji 145,600 mkononi kabla hujalipwa hata shilingi. Ongeza viatu vyeusi, picha za pasipoti, barua ya serikali ya mtaa, kipimo cha afya kama kazi ni ya chakula. Huna? Basi utakopa, na anayekopesha mtu asiye na dhamana mtaani ni kausha damu au mkopo wa kwenye simu. Ukikopa huko ili ufike kazini, miezi mitatu yote utakuwa unamlipa yeye.

Kwa hiyo unapopiga simu saa kumi, usianze kwa kuomba nyongeza ya mshahara. Bosi ana majibu tayari ya hilo. Uliza kama wanaweza kulipa kila wiki kwa mwezi wa kwanza, au kutoa advansi baada ya wiki mbili. Uliza kama kuna gari la wafanyakazi. Omba chakula cha mchana kazini: sahani ya 2,000 kwa siku 26 ni 52,000, na mwenye duka anayepikia watu kumi hahisi sahani ya kumi na moja. Bosi aliyekataa katakata kuongeza 20,000 anaweza kukubali haya bila ubishi.

Uliza pia sare ni ya nani. Sare mbili, buti na kitambulisho vikikatwa kwenye mshahara wa kwanza, mwezi huo umekwenda. Uliza wanalipa kwa njia gani. Wakilipa kwa simu, wanaweka na ya kutolea? Na omba kuona mfano wa karatasi ya malipo. Ukiona mstari umeandikwa "makato mengineyo" bila maelezo, uliza hapo hapo ni nini.

Kazi za kushika pesa zina ugonjwa wake, na unaitwa shoti. Kwenye kibanda cha uwakala wa pesa za simu, kituo cha mafuta au kaunta ya supamaketi, pesa ikipungua jioni unaambiwa ni yako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimruhusu mwajiri kukata anavyotaka. Anatakiwa akueleze kwa maandishi hasara ni kiasi gani na imetokeaje, akupe nafasi ya kujitetea, na makato yote yasizidi robo ya malipo yako. Najua vibanda vingi havifuati hilo. Kabla ya kukubali, muulize aliyekuwapo kabla yako aliondoka na shoti ya kiasi gani. Kama wawili waliotangulia wote waliondoka na deni, kiti hicho kiache.

Sasa tuangalie kazi nyingine zilizopo sokoni.

Kibarua cha kutwa kiwandani kina sifa moja kubwa, kwamba unalipwa leo au Jumamosi. Mtaji wa mwezi hauhitajiki. Lakini nenda uone geti la kiwanda saa kumi na mbili asubuhi. Watu themanini wamesimama, vitambulisho mkononi. Nyapara anatoka na daftari, ananyoosha kidole: wewe, wewe, wewe wa shati la bluu. Akifika ishirini anafunga daftari. Waliobaki wanageuka wakiwa wameshatoa nauli. Tuseme malipo ni 10,000 kwa siku, nauli 1,200 na chakula 3,000. Ukienda asubuhi sita ukapata nne, umeingiza 40,000, nauli imekula 7,200, chakula 12,000. Wiki imekuachia 20,800, kama nyapara hakuomba "ya soda". Kwa wiki nne ni 83,200, karibu sawa na kile kilichobaki kwa yule wa Kariakoo, na asubuhi mbili kila wiki umerudi mapema ukiwa huru kupeleka barua. Kwa mtu asiye na akiba kabisa, kibarua cha kutwa ni nafuu kuliko kazi ya mwezi iliyo mbali. Kwa miezi sita mfululizo, hapana. Mwili unachoka, na hakuna karatasi unayotoka nayo.

Ulinzi unapatikana kwa urahisi kuliko kazi nyingi, na wanaajiri haraka. Angalia saa. Sheria inaweka saa 45 kwa wiki kuwa za kawaida, muda wa ziada usiozidi saa 50 ndani ya wiki nne, na siku moja ya kazi haizidi saa 12, pamoja na hizo za ziada. Zamu ya saa 12 kwa siku sita ni saa 72. Umevuka mbali. Saa za ziada zinatakiwa kulipwa mara moja na nusu, na kazi ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Gawanya mshahara wanaokupa kwa saa utakazokaa lindoni, uone saa moja yako inauzwa bei gani. Wapo wanaojidanganya kwamba wakilinda usiku, mchana watahangaikia kazi nyingine. Mchana watalala.

Bodaboda ya hesabu si ajira. Ni biashara ambayo hasara yote ni yako. Mwenye pikipiki anataka hesabu yake ya siku hata mvua ikinyesha. Ile ya mkataba, ambapo pikipiki inakuwa yako mwishoni, jumlisha kabla ya kusaini: 10,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, mwaka mzima, ni 3,120,000. Linganisha na bei ya dukani, halafu amua. Na matairi na sahani za klachi unanunua wewe.

Kujitolea, hasa ualimu wa shuleni na kazi za ofisi, kunaitwa uzoefu. Kwa hesabu yetu ni kazi ambayo wewe ndiye unailipia. Inafaa kwa masharti matatu: iwe ndani ya fani uliyosomea, iwe na tarehe ya mwisho iliyoandikwa, na mtu wa kula kwake awepo. Kabla ya kujitolea kiholela, jaribu TaESA, chombo cha serikali cha huduma za ajira, chenye utaratibu wa kuwapeleka wahitimu kwenye mafunzo ya uzoefu kazini. Huko angalau kuna barua rasmi.

Kazi za kamisheni tupu, "mshahara unategemea juhudi zako", zipitie mbali. Na yeyote anayedai pesa ya fomu, ya semina au ya kianzio ili akupe kazi, anakuuzia tumaini. Kata simu.

Tukirudi kwenye ile ya miezi mitatu. Kima cha chini cha mshahara kina kiwango chake kwa kila sekta, na amri mpya iliyoanza Januari 1, 2026 ilipandisha viwango vya sekta binafsi kwa wastani wa asilimia 33.4. Biashara na viwanda ilikuwa 150,000 chini ya amri ya 2022. Anayekutajia 150,000 leo anakupa bei ya zamani, na una haki ya kumwuliza amri anayotumia ni ya mwaka gani.

Uimara wa kazi uko kwenye mkataba. Ukiwa chini ya miezi sita kwa mwajiri mmoja, ulinzi wa kisheria dhidi ya kuachishwa isivyo haki haukuhusu, na likizo ya malipo pia kwa kawaida huna. Basi kazi ya miezi mitatu usiihesabu kuwa imara, hata wakikuambia "itaendelea". Iliyoandikwa ni mitatu, piga hesabu ya mitatu. Ila NSSF ikilipwa, mwajiri anaweka asilimia 10 juu ya 10 yako, kwa hiyo kwenye mshahara wa 200,000 kuna 40,000 inaingia kwa jina lako kila mwezi. Huwezi kuila sasa, lakini ni pesa. Omba namba ya uanachama na uhakikishe michango inaingia, usisubiri mwisho wa mkataba.

Usaili je? Kama una maombi kwenye Ajira Portal au kwa mwajiri mwingine, sema mapema kwamba ukiitwa utaomba ruhusa ya siku. Bosi anayekataa hilo siku ya kwanza amekusaidia kuamua.

Maoni yangu kwa aliye na kodi inayodaiwa na hana wa kumlisha: chukua hata ile ya Kariakoo, kama mtaji wa mwezi wa kwanza haukopwi kwa kausha damu, na jipe tarehe ya kuondoka. Aliye kwa kaka au kwa wazazi na analishwa, kazi inayobakisha chini ya 100,000 na kuchukua mchana wote aiache, atafute ya karibu au vibarua vya siku mbili tatu kwa wiki. Kukaa nyumbani nako kuna gharama, bando na kopi za vyeti, na uso wa shemeji kila jioni. Lakini gharama hizo ni ndogo kuliko 170,600.

Kuondoka nako kuna bei. Ndani ya mwezi wa kwanza, notisi ni siku 7. Baada ya hapo ni siku 4 kwa anayelipwa kwa siku au wiki, na siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Hizo 28 zinakufunga na wewe pia: kazi nzuri ikitokea, unaweza kulazimika kusubiri au kupoteza malipo. Ukitoka, dai cheti cha utumishi, ni haki yako kisheria. Na wasipokulipa, peleka dai Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Ubishi wa kuachishwa kazi una siku 30 tu, kwa hiyo weka meseji zao zote na nakala ya mkataba, hata kama uliupiga picha kwa simu.