Splendor kwa Msomaji wa Voi: Ununue, Uazime au Ugeuze Njia?

Likizo ikikaribia, wazazi wa wasichana wa sekondari hupewa orodha. Siku hizi, kwa sababu ya tamthilia za mabinti wa kitajiri, magauni mapana na ndoa za kupangwa, orodha hiyo haikosi riwaya za aina hiyo. Mojawapo inayoulizwa ni Splendor, kitabu cha mwisho katika msururu wa The Luxe wa mwandishi Mmarekani Anna Godbersen. Swali la mzazi wa Voi, Mwatate au Taveta ni la mfukoni: kitapatikana kwa njia gani, kwa gharama gani, na je, kinastahili gharama hiyo?

Tuanze na jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Splendor hakisomeki peke yake. Msururu ulianza na The Luxe mwaka 2007, ukafuata Rumors mwaka 2008, kisha Envy na Splendor, vyote viwili mwaka 2009. Hadithi inaanzia Manhattan, New York, mwaka 1899, katika nyumba mbili za kitajiri: akina Holland, ambao wana jina lakini fedha zimewaishia, na akina Schoonmaker, ambao wana vyote. Dada wawili, Elizabeth na Diana Holland, wanajikuta wamefungamana na kijana mmoja, Henry Schoonmaker. Penelope Hayes anamtaka huyo huyo, na Lina Broud, mjakazi wa akina Holland, ana kinyongo chake. Kufikia kitabu cha nne, ndoa zimefungwa, siri zimevuja, na mjakazi amepanda ngazi akawa mtu wa kualikwa. Mwandishi hapotezi kurasa kukumbusha yaliyopita. Anayeanzia hapo atakuta watu wanalia na hajui msiba ni wa nani.

Kwa hiyo bei halisi ya Splendor ni bei ya vitabu vinne. Hesabu zote hapa chini zimefanywa kwa msingi huo. Bei za vitabu zilizotumika ni za mfano, kwa sababu hubadilika kila wiki. Weka bei utakayoikuta siku ya kununua, na hesabu itaenda vilevile.

Kuagiza kutoka nje

Vitabu hivi vilichapishwa na HarperCollins na havimo katika mtaala wetu, kwa hiyo duka la vitabu la kawaida halina sababu ya kuviweka. Wengi huishia kuagiza ng'ambo.

Chukua mfano wa kitabu cha dola 10 chenye usafirishaji wa dola 15, na dola moja kwa shilingi 130. Hiyo ni shilingi 3,250. Vitabu vilivyochapishwa havitozwi ushuru wa forodha chini ya viwango vya pamoja vya Afrika Mashariki, na hapo watu wengi hudhani wamepona. Lakini VAT ya asilimia 16 ipo, kwani Sheria ya VAT ya mwaka 2013 iliondoa msamaha uliokuwa ukivilinda vitabu, na VAT ya bidhaa za nje hutozwa juu ya bei pamoja na usafiri. Ongeza shilingi 520 na unafika 3,770, kabla ya ada nyingine za forodha. Rudia mara nne, kitabu kimoja kimoja, na umetumia shilingi 15,080.

Sasa agiza vyote vinne katika kifurushi kimoja. Vitabu dola 40, usafirishaji tuseme dola 25, jumla dola 65, yaani shilingi 8,450. Pamoja na VAT ni shilingi 9,802. Umeokoa zaidi ya shilingi 5,000 kwa kusubiri tu na kuagiza mara moja. Lililoumiza mfuko kwenye hesabu ya kwanza ni usafiri, kitabu chenyewe kilikuwa nafuu.

Kabla ya kulipa, hakikisha mambo mawili: kama bei unayoonyeshwa tayari ina kodi za Kenya, na kama kifurushi kitaletwa hadi Posta ya Voi au utalazimika kukifuata Mombasa au Nairobi. Usidharau nauli. Tikiti ya daraja la kawaida ya treni ya SGR kati ya Nairobi na Mombasa ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 mwaka 2024. Anayepandia Voi halipi yote hiyo, lakini kwenda na kurudi kwa ajili ya kitabu kimoja kunaweza kukaribia bei ya kitabu chenyewe. Ni heri umtume anayesafiri kwa shughuli zake, au muuzaji akupandishie parseli kwenye basi.

Vitabu vya inama

Katikati ya Nairobi, na Mombasa vilevile, kuna wauzaji wanaotandika vitabu vya mitumba kando ya njia, ambao wateja wao huinama kuchagua. Riwaya za vijana za Kimarekani za miaka ya 2000 ndizo hasa zinazojaa pale, kwa kuwa zilinunuliwa kwa wingi kwao na zikaachwa wenyewe walipokua. Kwa bei ya mfano ya shilingi 300 kila kimoja, msururu mzima ni shilingi 1,200. Hakuna njia ya kulipia iliyo rahisi zaidi ya hiyo.

Tatizo ni bahati. Unaweza kupata cha kwanza na cha tatu leo, na cha pili usikione mwaka mzima. Kuna desturi inayosaidia: mwachie muuzaji namba yako na majina ya vitabu vyote vinne, naye atakupigia vikiingia. Ukituma mtu, mwambie akague kurasa za mwisho kabla ya kulipa. Kitabu cha mwisho cha msururu kilichokatika kurasa za mwisho ni hasara tupu, hata kwa shilingi 50.

Simu na bando

Nakala ya kidijitali ndiyo inayofika Voi upesi kuliko zote. Hakuna parseli, hakuna stendi. Kwa mfano wa dola 9, kila kitabu ni shilingi 1,170. Tangu kanuni za mwaka 2020 za biashara ya mtandaoni, muuzaji wa nje anayeuzia Mkenya kitabu cha kidijitali anatakiwa kutoza VAT, kwa hiyo weka shilingi 1,357. Vinne ni takriban shilingi 5,430. Bando haliumizi: riwaya ya maandishi matupu kwa kawaida haifiki MB 5.

Kitabu cha kusikiliza ni hesabu nyingine. Sauti ya kiwango cha kawaida cha kilobiti 64 kwa sekunde hula karibu MB 29 kwa saa, kwa hiyo kitabu cha saa 10 kinakaribia MB 290. Anayeishi vilima vya Taita ambako mtandao hukatika apakue chote akiwa mjini, asisikilize moja kwa moja.

Zingatia pia kwamba kitabu cha kidijitali hakiuziki tena wala hakiazimiki kwa urahisi. Ukishakimaliza, fedha imelala. Cha karatasi unaweza kukiuza, kukibadilisha au kukipitisha kwa mdogo wako.

Kuna wanaopewa faili za bure kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram. Ni nakala za wizi, na mara nyingi hukatika katikati au kuja na virusi vya simu. Wengine walizoea kuazima mtandaoni kwenye maktaba ya Internet Archive. Njia hiyo nayo imebanwa: wachapishaji wanne wakubwa waliishtaki, wakashinda mwaka 2023, na rufaa ikatupwa mwaka 2024. HarperCollins, mchapishaji wa Splendor, alikuwa mmoja wao.

Maktaba na chama cha vitabu

Katiba ya 2010 iliziweka maktaba miongoni mwa kazi za kaunti. Mkaazi wa Taita Taveta ana haki ya kuingia maktaba ya umma na kuuliza, na maswali ya kuuliza ni mawili: kama kitabu kipo, na kama wanapokea maombi ya wasomaji wanaponunua vipya. Usitarajie kukuta msururu mzima wa Kimarekani. Maktaba zetu hujazwa kwanza vitabu vya shule, na ndivyo inavyofaa.

Njia ninayoipendekeza kwa wasichana wanaoishi karibu ni chama. Wanne wakichanga, kila mmoja ananunua kitabu kimoja na vinazunguka. Kwa hesabu ya kifurushi kimoja hapo juu, kila mmoja analipa takriban shilingi 2,450. Kwa vitabu vya inama, analipa 300. Kanuni iwe moja, na iandikwe: hakuna anayepokea kinachofuata kabla ya kurudisha alichonacho. Mwishoni wapige kura nani abaki na msururu wote, au wauuze na kugawana.

Za bure na za kwetu

Swali la mwisho ni kama kuna kitu kingine kinachokata kiu ileile kwa bei ndogo. Kipo, tena kwa wingi.

Anayependa New York ya matajiri aende kwa Edith Wharton, aliyezaliwa ndani ya tabaka hilo na kuliandika bila kulionea haya. The House of Mirth ilitoka 1905, na The Age of Innocence ya 1920 ilimfanya mwanamke wa kwanza kushinda Pulitzer ya riwaya, mwaka 1921. Wharton alifariki 1937, na vitabu hivi viwili ni mali ya umma. Vinapatikana bure na kwa halali Project Gutenberg, na kwa sauti LibriVox. Kiingereza chake ni kizito kuliko cha Godbersen. Mwanafunzi wa madarasa ya juu ya sekondari atakiweza, anayeanza sekondari atachoka.

Anayetaka binti wa kifalme wa kweli amsome Salme, mwana wa Sultani Said wa Zanzibar, aliyezaliwa 1844, akatoroka 1866 kwa ajili ya Mjerumani na kuitwa Emily Ruete. Kumbukumbu zake zilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, na tafsiri ya zamani ya Kiingereza inapatikana bure mtandaoni.

Kwa Kiswahili, Shafi Adam Shafi ana riwaya mbili zinazotosha. Kasri ya Mwinyi Fuad ya 1978 inaonyesha mwenye mashamba wa Zanzibar na watumishi wake hadi Mapinduzi ya 1964. Vuta N'kuvute ya 1999 ni ya Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mzee. Kila moja inajitosheleza: unanunua kitabu kimoja na hadithi inaisha. Godbersen anamtazama mjakazi kutoka ukumbini. Shafi anakuketisha jikoni na shambani.

Tena Taita Taveta yenyewe imo katika hadithi za aina hii. Denys Finch Hatton, mwana wa lodi wa Uingereza na mpenzi wa mwandishi Karen Blixen, alikufa hapa Voi tarehe 14 Mei 1931, ndege yake ilipoanguka muda mfupi baada ya kuruka. Mtumishi wake Kamau alikufa pamoja naye, na vitabu vingi humpitia Kamau kwa sentensi moja. Kisa hicho kimo katika Out of Africa ya Blixen ya 1937 na West with the Night ya Beryl Markham ya 1942. Miaka ileile Elizabeth Holland wa kubuni anapocheza dansi Manhattan, Ewart Grogan alikuwa anatembea kutoka Cape hadi Cairo ili akubaliwe kumwoa Gertrude Watt. Baadaye alimiliki mashamba makubwa ya mkonge Taveta, na jumba lake lingali juu ya kilima. Huyo ndiye aliyewachapa Waafrika viboko hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi mwaka 1907. Msichana wa Taveta anayesoma habari za matajiri wa zamani anastahili kujua pande zote mbili za jumba hilo.

Uamuzi

Kwa aliyekwisha kusoma vitatu vya kwanza: nunua Splendor cha kidijitali leo. Shilingi 1,357 za mfano wetu ni nafuu kuliko parseli moja, na hamu imekwisha.

Kwa anayeanza, na ana marafiki: fungueni chama, mtafute vya inama kwanza, na mkikosa baada ya miezi michache agizeni vinne kwa kifurushi kimoja.

Kwa anayeanza akiwa peke yake na fedha ni chache: pakua The Age of Innocence bure, kisha nunua Vuta N'kuvute. Ukiona bado unataka magauni ya Manhattan, ndipo uanze kuweka akiba.

Kwa mzazi: usinunue kitabu cha nne kama zawadi kabla ya kumuuliza mwanao kama ana vya kwanza. Ukikosea hapo, utakuwa umejiandikia deni la vitabu vitatu.