Jina na Kazi: Istilahi za Molekuli za Kinga ya Mwili

Katika Kiswahili, neno uvimbe hubeba mzigo mzito. Hutumika kwa kiungo kilichofura baada ya kugongwa, kwa saratani iliyoota mwilini, na aghalabu kwa hali ambayo mwili huijibu nayo jeraha au vijidudu. Celsus, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1, aliibainisha hali hii ya tatu kwa dalili nne: wekundu, joto, kufura na maumivu. Kuiita hali nzima uvimbe, basi, ni kuipa jina la dalili moja tu. Hapa itaitwa inflamesheni.

Wanabiolojia nao walikabiliwa na tatizo hilohilo. Mwaka 1975 watafiti nchini Marekani walieleza kitu katika damu ya panya kilichoua uvimbe wa saratani. Walikiita, kwa kifupi, TNF, yaani kipengele kifishacho uvimbe. Wengine, waliotafuta kinachowakondesha wanyama wenye maradhi ya muda mrefu, walikiita walichokipata kakektini. Mwaka 1985 ilidhihirika kwamba vitu hivyo viwili ni molekuli moja. Kila jina lilitaja kazi ya kweli, ila hakuna lililotaja kazi zote.

Molekuli za namna hii, ziitwazo saitokini, hufanya kazi kwa kuhusiana. Makrofaji, ambayo ni seli ya kinga imezayo vijidudu, inapotambua bakteria, protini iitwayo NF-kB huingia katika kiini chake na kuamsha jeni za TNF na intalukini-1. Molekuli hizo hutoka nje na kushika vipokezi vya seli jirani, na hata vya seli ileile iliyozitoa. NF-kB huamshwa tena, na ishara huongezeka nguvu. Zote mbili huchochea kutolewa kwa intalukini-6. Wakati huohuo breki hutengenezwa: NF-kB huamsha jeni ya protini inayoizuia yenyewe, na intalukini-10 hupunguza utoaji wa TNF na intalukini-1. Kwa hiyo athari ya ishara moja hutegemea ishara zinazoandamana nayo na seli inayoipokea, kama vile maana ya kitenzi piga inavyotegemea kama kinachofuata ni ngoma, simu, pasi au picha.

Suala hili si la wanaisimu peke yao. Dawa zinazozuia TNF hutuliza baridi yabisi. Hata hivyo, mwaka 2001 ilichapishwa taarifa ya wagonjwa waliopata kifua kikuu baada ya kutumia mojawapo ya dawa hizo. Sababu yake inaeleweka: TNF huzisaidia makrofaji kuwazingira bakteria wa kifua kikuu waliojificha mwilini bila dalili. Ndiyo maana mgonjwa hupimwa kifua kikuu kabla ya kuanza dawa. Mfasiri akiiita TNF molekuli ya ugonjwa, mgonjwa wa Tanzania au Kenya hataelewa kwa nini kuizuia kunaweza kumdhuru.

Kwa mintarafu hiyo, ni salama zaidi kuacha majina kama TNF na saitokini yabaki ya mkopo, yasiyofungwa na kazi moja. Kazi zenyewe zielezwe kwa vitenzi ambavyo Kiswahili kinavyo tele: kuamsha, kuchochea, kutuliza, kuzuia. Jina litambulishe kitu. Sentensi ndiyo ieleze kinafanya nini, wapi na pamoja na nini.