Leseni ya Kamari na Pesa za Nyumba

Mwezi wa Agosti 2025 Rais William Ruto alitia saini sheria mpya ya kudhibiti kamari nchini. Sheria hiyo imechukua nafasi ya ile ya mwaka 1966, iliyotungwa zama ambazo mcheza kamari alilazimika kutoka nyumbani, akaonekana njiani, akaingia mahali panapojulikana. Leo kamari imo ndani ya simu ile ile tunayolipia karo na umeme, na huchezwa chini ya shuka saa nane za usiku. Sheria mpya inaunda mamlaka ya kuisimamia biashara hii, inawataka wenye kuiendesha wawe na leseni, na inamkataza aliye chini ya miaka 18 kushiriki.

Wapo wanaouliza: maisiri ni haramu, sasa yatuhusu nini mcheza kamari kulindwa asidanganywe? Sisi twaona yatuhusu sana. Aliyeibiwa ni mwana wa watu, na pesa zilizoibwa aghalabu ni za unga na kodi ya nyumba. Wizi haugeuki halali kwa kuwa aliyeibiwa alikuwa mahali asipofaa kuwapo.

Na wizi huo umewahi kuthibitishwa. Mwaka 2007 wachezaji wa karata za poka katika tovuti ya Absolute Poker walimshuku mwenzao aliyekuwa akishinda kupita kiasi, kana kwamba anaziona karata za kila mtu. Mmoja wao aliomba kumbukumbu za shindano aliloshindwa, akatumiwa faili iliyoonyesha karata zote pamoja na akaunti iliyokuwa ikiuchungulia mchezo. Ikadhihirika kuwa mlango wa siri ulikuwa umefunguliwa kutoka ndani. Mwaka uliofuata tovuti dada, UltimateBet, nayo ikagunduliwa kuwa na mlango kama huo, na hasara ya wachezaji ilipita dola milioni 20. Tovuti zote mbili zilikuwa na leseni, iliyotolewa na Tume ya Kahnawake nchini Kanada. Tume iliwatoza faini na kuamuru waliodhulumiwa warudishiwe, lakini waliougundua udanganyifu ni wachezaji wenyewe.

Hapa kwetu vijana wengi hawachezi poka. Wanacheza ule mchezo wa ndege, Aviator. Picha ya ndege hupaa, thamani ya dau hupanda nayo, na mchezaji hutakiwa atoe pesa zake kabla ndege haijatoweka. Matokeo ya kila duru huundwa kwa namba ya siri ya mtambo ikichanganywa na namba za wachezaji watatu wa kwanza, na baada ya duru mchezaji aweza kukagua kwamba hayakubadilishwa. Basi wale wanaouza programu za kutabiri ndege itaondoka lini, wakitaka walipwe kwanza, wanauza kitu kisichokuwapo. Huo ni utapeli, na twatamani mamlaka mpya iwaandame hao kwa bidii ile ile ya kuwaandama wenye tovuti zisizo na leseni.

Hata hivyo, tuseme utapeli wote umekomeshwa. Watengenezaji wa mchezo huo husema wenyewe kwamba hurejesha kwa wastani asilimia 97 ya dau. Asilimia 3 inayobaki yaonekana ndogo, lau si kwamba duru huisha kwa sekunde chache na mchezaji akatia tena kile alichopata. Shilingi 1,000 zikizungushwa zote mara 50 kwa hesabu hiyo, wastani wa kinachobaki ni kama shilingi 218. Hakuna aliyedanganya hapo, wala mtambo haukuchezewa. Hivyo ndivyo mchezo ulivyoundwa, na leseni inaruhusu uchezwe.

Jambo hili ndilo linalotutia wasiwasi kuliko wizi wa mlango wa siri. Neno "imesajiliwa na serikali" huwekwa kwenye tangazo likamtuliza mtu, akadhani ameambiwa kwamba pesa zake ziko salama. Aliloambiwa ni kwamba atapoteza kwa kanuni zinazojulikana. Serikali yenyewe yaonekana kulitambua tatizo la matangazo, maana tarehe 29 Aprili 2025 Bodi ya Kudhibiti Kamari iliyasimamisha katika vyombo vyote vya habari kwa siku 30. Surat al-Maida, aya ya 90 na ya 91, haikugawanya kamari ya haki na ya hila. Zote imeziweka pamoja na ulevi.

Aliyekwisha kudanganywa ahifadhi ujumbe na namba za miamala, maana malalamiko yasiyo na ushahidi hayafiki mbali. Mwenye kijana anayemshuku na akae naye kwa upole, waombe taarifa ya miamala ya miezi mitatu, wajumlishe zilizoingia na zilizotoka. Na laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha mzazi ziangaliwe kwanza, kwani sheria inayomkataza mtoto haimwoni akicheza kwa jina la babake.