BAISKELI ITAKUSAIDIA KUKIMBIA

Bonde la Kilombero ni tambarare. Ndiyo maana Ifakara na vijiji vyake vina baiskeli nyingi. Baiskeli hubeba mpunga, kuni na maji. Je, unajua kuwa baiskeli hiyo hiyo inaweza kukusaidia kushinda mbio?

Katika mbio, muda mdogo ni kitu kikubwa. Tarehe 15 Septemba 2025, Mtanzania Alphonce Simbu alishinda mbio za marathoni za dunia mjini Tokyo, Japani. Mbio hizo ni za kilomita 42 na mita 195. Simbu na Mjerumani aliyekuwa wa pili waliandikiwa muda ule ule: saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Simbu alitangulia kwa sehemu 3 tu za mia moja za sekunde.

KWA NINI BAISKELI?

Mtu akikimbia, mguu hupiga chini kila hatua. Goti na kifundo hupokea kishindo. Akikimbia kwa nguvu kila siku, huweza kuumia. Mkulima akiumia mguu wakati wa kupanda mpunga, familia nzima hupata taabu.

Juu ya baiskeli, siti hubeba sehemu kubwa ya uzito wako. Magoti hayapati kishindo, lakini moyo na mapafu hufanya kazi. Hivyo unapata pumzi bila kuichosha miguu kwa kishindo.

Lakini usiache kukimbia. Baiskeli haiuzoezi mguu kukanyaga ardhi. Anayenyonga baiskeli tu hawi mkimbiaji mzuri.

PANGA WIKI YAKO

Jumatatu: Kimbia polepole nusu saa. Uweze kuzungumza na mwenzako bila kuhema.

Jumanne: Nyonga baiskeli polepole dakika 40. Kama umekwenda shambani kwa baiskeli, inatosha. Usiongeze.

Jumatano: Pumzika.

Alhamisi: Kimbia kwa kasi dakika 2, kisha tembea dakika 2. Fanya hivyo mara 6.

Ijumaa: Nyonga baiskeli polepole tena.

Jumamosi: Nyonga nusu saa, shuka, kimbia dakika 10. Mwanzoni miguu itakuwa mizito. Usiogope, itazoea.

Jumapili: Pumzika.

Kabla ya kuanza, kagua breki na urefu wa siti. Pedeli ikiwa chini kabisa, goti likunjike kidogo tu. Siti ikiwa chini mno, magoti yatauma. Goti likivimba, acha mazoezi, nenda zahanati.

PIMA MWENYEWE

Utajuaje kama unaendelea? Funga kitambaa kwenye spoki ya gurudumu. Gurudumu la inchi 28 likizunguka mara moja, huenda kama mita 2 na sentimita 20. Sukuma baiskeli ukihesabu. Mizunguko 227 ni karibu mita 500. Weka alama hapo. Kwenda na kurudi ni kilomita 1. Kwenda na kurudi mara 3 ni kilomita 3.

Kila baada ya wiki 2, kimbia kilomita hizo 3. Mwenzako ashike saa au simu. Andika tarehe na muda katika daftari lako. Muda ukipungua, mazoezi yanafaa. Ukiongezeka, huenda umechoka. Pumzika siku 2, kisha endelea.

Vijana, wasichana kwa wavulana, anzeni pamoja. Daftari lenu litawaonyesha ukweli.